Ukiandikiwa imeili kuhusu mwani na mafuta: jinsi ya kuingia ubia wa utafiti na watu wa nje ukiwa Mombasa bila kugeuzwa mbeba sampuli

Imeili zenyewe siku hizi zinafanana. Kuna profesa Ulaya ama Asia, yeye na timu yake wanataka kutengeneza mafuta kutoka kwa mwani, ama kutoka kwa vile vijimea vya kijani vya majini ambavyo huvioni bila darubini, halafu kwa sababu wafadhili wanataka kusikia habari za mazingira wameongeza kipande cha kuhifadhi viumbe wa baharini, sasa wanatafuta "patna wa Kenya" na dedilaini ni wiki mbili zijazo. Wewe uko chuo cha TUM, ama Pwani University huko Kilifi, ama KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, ama ni kikundi tu cha vijana mnaopanda mikoko kando ya Tudor, unaona riziki hiyo imebisha hodi. Inaweza kuwa riziki kweli. Lakini ukiitikia mbio mbio utajikuta kazi yako ni kuokota, kutia kwenye chupa, kubandika lebo na kupeleka kwa kuria, na miaka mitatu baadaye unasoma matokeo kwenye intaneti kama mtu mwingine yeyote.

Haya ninayoandika ni ya mtu anayetaka kufanya kazi na hawa watu vizuri, sio kuwakimbia. Pesa zao tunazihitaji na wengi wao ni watu wazuri tu, ni vile hakuna aliyewaambia mambo ya huku yanaendaje.

Swali ni la nani?

Jibu imeili, ukishukuru, halafu omba proposali yenyewe, sio ule muhtasari wa ukurasa mmoja. Ukiipata usikimbilie bajeti (najua macho yanaenda huko yenyewe), anza na maswali ya utafiti. Toa neno Mombasa uweke Cebu ya Ufilipino ama Toliara ya Madagaska, kama hakuna kitu kimeharibika basi ujue huyo alishapanga kazi yake yote na anachotafuta ni pwani ya kuifanyia. Sio mwisho wa dunia, lakini hapo ndio unaomba swali libadilike, na unaomba kabla hajasabmiti, kwa sababu pesa ikishatoka kila ukiuliza kitu utaambiwa mfadhili haruhusu.

Kisha mtafute kwenye Google Scholar. Angalia kazi alizofanya nchi za watu, je kuna majina ya wenyeji kwenye waandishi, na wako wapi, katikati wamefinywa ama kuna mmoja mwanzo ama mwisho? Kuna uchambuzi ulitoka 2021 kwenye jarida la Current Biology kuhusu utafiti wa matumbawe, ukakuta asilimia 40 ya machapisho ambayo kazi yake ilifanyiwa Indonesia na Ufilipino hayakuwa na hata mwanasayansi mmoja wa huko. Matumbawe yao, mashua zao, manahodha wao, majina hamna. Mtu akiwa na historia hiyo muulize waziwazi, wengine watakwambia wamebadilika na utaona kama ni kweli.

Swali lenye maana kwa bahari yetu

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ubia mwingi unapoharibikia, watu wa nishati hawajui bahari na watu wa bahari hawajui nishati, na kila mmoja anaogopa kumuuliza mwenzake.

Tuanze na mwani. Kina mama wa Kibuyuni, Mkwiro na Gazi huko Kwale wanapanda spinosum na cottonii, wanaanika, wanauza mkavu, na huko nje unatolewa karajinani, ile kitu inayogandisha aiskrimu na dawa ya meno. Sasa mtu akija na ndoto ya kuugeuza huo mwani kuwa ethanoli, muulize hesabu ya maji. Mwani ukitoka baharini asilimia 80 mpaka 90 ni maji, juu yake kuna chumvi na mchanga, na nguvu unayotumia kuyatoa hayo maji inaweza kumeza nishati yote unayotegemea kupata. Halafu muulize atamlipa mama wa Kibuyuni bei gani, kwa sababu mafuta ni bidhaa ya bei ya chini na karajinani inaenda kwa watu wa vyakula na vipodozi. Hapo wengi hunyamaza.

Swali zuri zaidi ni lile la mabaki. Mwani ulioshambuliwa na ugonjwa wa ice-ice ukabadilika mweupe ukakatika, ule uliooza kwa kunyeshewa ukiwa kwenye chanja, huo hauna mnunuzi. Bayogesi haitaki kitu kikavu, kwa hivyo mtambo mdogo wa bayogesi wa kupikia ama wa kuendesha kikaushio unaweza kuwa na maana kuliko dramu mia za ethanoli kwenye karatasi. Chumvi inasumbua bakteria wa bayogesi, ndio, na hilo ndilo swali lenyewe la utafiti, tena linaweza kufanyiwa hapa hapa na mwanafunzi wa masta wa hapa hapa.

Kuna pia yale majani yanayotupwa na bahari Nyali, Bamburi mpaka Shanzu, hoteli zinayakusanya kwa sababu wageni hawapendi harufu. Kila mara kuna mtu anayeona hayo ni malighafi ya bure. Taratibu. Mengi ya hayo ni nyasi bahari, yanashikilia mchanga usichukuliwe na mawimbi na wadudu na kaa wadogo wanakula humo, kwa hivyo kama mradi wenu una watu wa bioanuwai basi kazi yao ya kwanza ni kupima ni kiasi gani kinaweza kuondolewa na wapi, na jibu la "hakuna" lazima liwe jibu linalokubalika. Ukiona proposali ambayo watu wa uhifadhi wamewekwa tu kuandika ripoti mwishoni, ujue wamewekwa kama mapambo.

Mafuta ya karai nayo usiyadharau. Mombasa hii kwa viazi karai, bajia na chipsi mafuta yaliyotumika yako mengi, na mengine yanamwagwa kwenye mitaro yanaishia kwenye creek, ule mkono wa bahari. Kutengeneza baiodizeli ni methanoli na soda kali, gliserini inakaa chini, lakini mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi mno asidi yake inapanda na ukiweka soda unapata sabuni badala ya dizeli, kwa hivyo lazima upime asidi kwanza. Mradi kama huu hauna mvuto kwa maprofesa kwa sababu hakuna kiumbe kipya cha kugundua, ila unaunganika na bahari moja kwa moja: pima mafuta kwenye maji ya creek kabla ya kuanza kukusanya na baada. Watu wa mitaani watauelewa siku ya kwanza.

Sasa upande wa hatari, ambao lazima uuweke mezani wewe kwa sababu mgeni hatauweka. Cottonii ililetwa Hawaii miaka ya 70 kwa majaribio ya ukulima, ikatoroka ikafunika matumbawe ghuba ya Kaneohe, na India nako kwenye ghuba ya Mannar wakaripoti 2008 kwamba imepanda juu ya matumbawe hai kisiwa cha Kurusadai. Hakuna aliyekusudia. Mtu akikuambia analeta mbegu "inayokua haraka" kutoka kwao, hiyo sifa ya kukua haraka ndiyo inayokutia wasiwasi. Na nchi kavu tuna historia yetu wenyewe, miti ya mathenge ilisambazwa miaka ya 80 kwa nia njema kabisa ya kuni na kuzuia jangwa, mpaka watu wa Baringo wakapeleka mbuzi kortini aonyeshe meno yalivyokwisha kwa kula maganda yake. Dakatcha kule Malindi mradi mkubwa wa jatrofa, mmea wa mbegu za mafuta, ulikwama baada ya wenyeji na watu wa uhifadhi kuupinga, maana ungekata msitu wenye ndege kama kwera wa Clarke ambaye duniani kote anapatikana Kilifi tu. Yaweke haya kwenye proposali, sehemu ya hatari, kwa majina ya mahali. Wasomaji wa proposali wanapenda kuona mtu anayejua nyumbani kwake.

Na kamba ya kwanza isitiwe majini kabla hamjapima. Mnachagua sehemu ya shamba na sehemu nyingine inayofanana nayo ambayo haitaguswa, mnapima zote mbili kabla na baada: nyasi bahari zimesongamana kiasi gani, samaki wadogo wangapi, matumbawe hai asilimia ngapi. Mwaka mzima kabla, ili mpate kaskazi na kusi. Mfadhili atasema mwaka ni mrefu, mwambie bila hiyo hatajua kama nyasi zilikufa kwa kivuli cha mwani ama kwa joto la maji, na atakuwa amelipia picha tu.

Kalenda yao na kalenda ya bahari

Hili ni dogo lakini limeua miradi. Likizo ya vyuo vyao ni Julai na Agosti, kwa hivyo kwenye ratiba utaona kazi yote ya baharini imepangwa hapo. Huko ni katikati ya kusi. Bahari imechafuka, maji hayaonekani, nahodha mwenye akili hatoki nje ya mwamba, mzungu anakaa hotelini wiki mbili akilipiwa. Badilisha mapema. Kupiga mbizi na kuhesabu samaki weka kaskazi, na kama mnataka kuona matumbawe yakipauka kwa joto basi Machi na Aprili ndio wakati.

Halafu bamvua. Kazi ya mwani inafanywa maji yakipwa sana, na hayo ni siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Usiitishe mkutano wa kina mama siku hizo, watakuwa baharini wamejifunga leso kiunoni wanafunga mbegu kwenye kamba kabla maji hayajarudi, na ukiwaita watakuja kwa heshima tu huku moyo uko kwenye shamba. Itisha maji mafu. Nenda mwenyewe kabla ya wageni, usalimie wazee wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), useme mnakuja kufanya nini na nini hamwezi kuahidi, ukae unywe chai. Siku ya mkutano wenyewe acha wazungu wakae kwenye mkeka ama benchi kama wengine, na mwenye kutafsiri awe mtu wa pale, sio wewe, kwa sababu wewe una maslahi. Swali litakaloulizwa ni moja tu, mtaulizwa kwa lugha tofauti tofauti: "Wale waliokuja kabla yenu walichukua wakaenda, nyinyi mtarudi?" Kuwa na jibu lenye tarehe. Wamama watauliza pia nani atalipa siku ambazo wamewaonyesha mashamba badala ya kulima, na hilo ni swali halali, liwe limo kwenye bajeti.

Patna unawapata wapi kama hakuna imeili iliyokuja

Kongamano la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambalo hufanyika kila baada ya miaka miwili nchi za ukanda huu, ni mahali pazuri kuliko imeili mia za kubisha hodi. WIOMSA wenyewe makao yao ni Zanzibar na wana ruzuku za utafiti kama MASMA ambazo kiongozi wa mradi ni mtu wa ukanda huu. Mimi ningeanza huko. Ukishaongoza mradi wa kikanda na watu wa Tanga na Maputo, hata Mzungu anakuja kwako kwa sauti nyingine.

Na angalia ubia uliodumu. Gazi, Wabelgiji wa Vrije Universiteit Brussel wamekuwa wakifanya kazi na KMFRI tangu miaka ya 80, na hata meli ya utafiti ya KMFRI, RV Mtafiti, ilikuwa ya huko Ubelgiji ikiitwa Zeeleeuw. Mikoko Pamoja iko hapo hapo Gazi, hekta 117 za mikoko, tangu 2013 wanauza kaboni (yaani wanalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko) kupitia mpango wa Plan Vivo, na nyuma yake kulikuwa na watafiti wa KMFRI na wa Edinburgh Napier University waliohesabu mikoko miaka mingi kabla ya shilingi ya kwanza. Pesa inaingia kwenye kamati ya kijiji, maji na vitabu vya shule vinaonekana kwa macho. Halafu Vanga wakafuata. Ukitaka kumweleza mgeni ubia mzuri unafananaje mpeleke Gazi akae siku nzima, atatembea juu ya daraja la mbao la kina mama katikati ya mikoko na atakula samaki pale, hatahitaji slaidi.

Makaratasi

Haya hayana raha, twende haraka ila usiruke.

Mgeni yeyote lazima ashikane na taasisi ya Kenya ndio NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) wampe leseni ya utafiti, leseni ni ya mwaka mmoja na inaombwa mtandaoni. Kabla ya hapo unahitaji barua ya kamati ya maadili iliyotambuliwa na NACOSTI, hasa mkihoji watu. Ukishapata leseni jipeleke kwa kamishna wa kaunti kabla hujaanza, usingoje chifu akuulize. Ndani ya hifadhi za bahari ni KWS, wale wa wanyamapori: Mombasa Marine Park ilitangazwa 1986, mbuga yenyewe ni kilomita 10 za mraba na haivuliwi kitu, riziva inayoizunguka ni kama kilomita 200 na huko uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Ujue sampuli yako inatoka upande gani wa mstari. Droni ina kibali chake cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na meli ya utafiti ya nje ikitaka kuingia maji yetu sheria ya bahari inataka taarifa si chini ya miezi sita kabla, kwa hivyo yule anayekuambia meli yao inapita mwezi ujao muambie ipite tu.

Kilicho kizito ni NEMA, mamlaka ya mazingira. Kanuni za 2006 zinasema ukitaka kuchukua rasilimali za jenetiki, na kijimea cha maji kutoka creek ya Mtwapa ni rasilimali ya jenetiki, lazima uwe na kibali cha kuzifikia, na huwezi kukipata bila idhini ya wenye mahali na bila karatasi ya NACOSTI. Utafiti wa kimasomo ndani ya taasisi za Kenya una msamaha wake, ila mara sampuli inapovuka mpaka usijifiche nyuma ya msamaha huo. Juu ya hapo kuna Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali hizo, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2014, na vyuo vya Ulaya vinaiogopa kwelikweli kwa sababu sheria zao zinawadai ushahidi. Hiyo ni silaha yako. Ukiwaambia hamna kibali hamna sampuli hawatakasirika, ofisi yao ya sheria itakushukuru.

Matumbawe magumu, farasi bahari na kome wakubwa wako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, kusafirisha hata kipande ni kibali. Na sampuli iliyo kwenye ethanoli inahesabika kama mzigo wa hatari kwenye ndege, usiifiche kwenye sanduku la nguo la mwanafunzi, tumeona watu wakitolewa kwenye foleni uwanja wa Moi.

Ila swali langu kwa kila mradi ni, kwani lazima isafiri? Kutoa DNA kunafanyika Pwani University, kuna maabara kubwa Nairobi kwenye ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, na zile mashine ndogo za kusoma DNA siku hizi zinakaa kwenye kiganja. Andika kwenye mkataba kwamba kinachowezekana kufanyiwa Kenya kitafanyiwa Kenya, na mashine inunuliwe kwa pesa ya mradi ibaki. Kumbuka pia hata bila sampuli kusafiri, ile data ya mpangilio wa jenetiki ikipandishwa mtandaoni mtu anaweza kuitumia bila kukanyaga Mombasa. Mataifa yamelibishania hili mpaka wakaunda mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, ili makampuni yanayofaidika yachangie, lakini mfuko huo ni wa dunia nzima na mchango wenyewe ni wa hiari. Usiutegemee, andika yako.

Kwa nini nasisitiza? Ziwa Bogoria. Vijidudu vilichukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 90, enzaimu zake zikaishia kwenye sabuni na kwenye viwanda vya kufifisha jinzi, na 2004 KWS ndio wanalalamika kwamba hakuna aliyewaomba wala kuwalipa. Baadaye 2007 KWS wakaingia mkataba na kampuni nyingine, hii ya Denmark, wenye mgao na mafunzo. Tofauti ya hizo mbili ni karatasi iliyosainiwa kabla. Kijimea chenye mafuta mengi kikipatikana Tudor kinaweza kuwa hivyo hivyo.

Pesa

Horizon Europe, mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya unaoenda mpaka 2027, Kenya inalipwa kama patna kamili, sio lazima uwe "mshauri". Kanuni yao ya kawaida ni taasisi tatu kutoka nchi tatu za Ulaya ama zilizojiunga nao, na moja lazima iwe ya Umoja wa Ulaya kabisa, kwa hivyo wewe ni wa nne na kuendelea, hawakuhitaji kisheria, wanakuhitaji kwa sababu kazi iko kwako. Taasisi yako lazima iwe na namba yao ya usajili, PIC, yenye tarakimu tisa, kaangalie kama ipo kabla hujafungua nyingine, maana kuna vyuo vina mbili tatu na hakuna ajuaye nenosiri. Gharama za ofisi ni asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja kwa kila patna. Kila patna, na wewe umo. Kuna waratibu husahau kukueleza hilo. Wajapani wana SATREPS, ambayo ni ndefu na inatoa vifaa vya maana, lakini ombi lazima lipitie serikalini kwa hivyo anza mwaka mmoja kabla. Waingereza wana Darwin Initiative kwa upande wa viumbe. Na jinsi miradi ya USAID ilivyokatiwa pesa 2025 inatosha kukufundisha usiweke mishahara yote kwa mfadhili mmoja.

Kwenye bajeti kuna vitu viwili vinasahaulika. Kwanza forodha. Kifaa kikitumwa kutoka Ujerumani kinakaa bandarini ama uwanja wa ndege kikisubiri barua ya msamaha wa kodi, kila siku storeji inapanda, na mfadhili halipi storeji. Barua ya msamaha iombwe kabla kifaa hakijapakiwa, ama kinunuliwe kwa wakala wa hapa hata kikiwa ghali kidogo.

Pili, risiti. Nahodha wa mashua hana eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki. Mama wa mwani hana eTIMS. Mkaguzi wa Brussels anataka ushahidi na mhasibu wa chuo anataka risiti ya KRA, na wewe umesimama katikati na bili ya petroli ya boti. Malizeni hili kwenye mkutano wa kwanza: fomu ya malipo yenye jina, namba ya kitambulisho, tarehe, kazi iliyofanywa, sahihi, na ujumbe wa M-Pesa umebandikwa nyuma, wakubali kwa maandishi kwamba hiyo inatosha. Ukingoja ripoti ya kwanza ya fedha utalipa mfukoni mwako.

Mkataba

MoU (hati ya maelewano) ni salamu tu, haina meno. Kinachokulinda ni mkataba wa ubia unaosainiwa na patna wote na ule wa sampuli. Humo ndani usiangalie lugha tamu za mwanzo, tafuta majibu haya: kijimea kikipatikana nakala yake inabaki wapi (ibaki Kenya, kwenye friza ya taasisi yako, na stima ya dharura iwe kwenye bajeti). Hataza (haki ya uvumbuzi) ikija majina ya nani. Nani anaandika karatasi ya kwanza, na je yule mwanafunzi wako aliyepiga mbizi miezi sita yumo. Data inakaa wapi: KMFRI wana kituo cha taifa cha data za bahari, inaweza kukaa huko na pia kwenye mifumo ya kimataifa, lakini sehemu kasa wanapotagia na vichaka vya matumbawe adimu visiwekwe kwa kodineti kamili mtandaoni, mkorofi naye anajua kusoma ramani. Ripoti fupi kwa Kiswahili kwa BMU iwe kazi yenye tarehe na pesa yake, sio ahadi ya mdomo. Na kipengele cha kuvunja: wakiamua kuondoa pesa yao katikati, mwanafunzi aliyeko kwenye mwaka wa pili analipwa na nani?

Watakuambia mkataba huo ni mrefu. Mpe wakili wa chuo wiki tatu, na kama chuo chako wakili anachukua miezi basi anza naye kabla ya proposali, mpe nakala tupu aizoee.

La mwisho, ambalo sijaona likiandikwa hata kwenye miradi mizuri: kutoa vitu baharini. Shamba la majaribio lina vigingi, kamba za plastiki na chupa za kuelea, na mradi ukiisha kila mtu yuko kwenye ripoti ya mwisho huku kamba zinakatika zinaingia kwenye matumbawe na miguuni mwa kasa. Weka mstari wake kwenye bajeti ya mwaka wa mwisho, mashua, watu wa kulipwa, bamvua ipi mtaenda kuzitoa, na malipo ya mwisho ya huyo patna wa nishati yasitoke mpaka BMU waandike kwamba sehemu iko tupu.